Kiti cha Mhimili

Msomaji mpenzi, unapokula ugali wako jioni labda hufikiri juu ya chuma. Unafikiri juu ya mahindi, mvua, na mikono ya mama aliyesonga. Lakini kati ya punje na unga pana kinu. Ndani ya kinu pana mhimili uzungukao kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Na mhimili huo umekalia kiti. Kiti kikiwa imara, hakuna amkumbukaye aliyekifanya. Kikivunjika, kijiji kizima huuliza jina lake. Mimi niliulizwa jina langu mwaka 1984, na habari hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Kwetu ni Longisa. Ukishika njia itokayo Bomet kwenda Narok, utafika kwetu kabla hujafika Mulot. Upande wa nyanda za juu, kuelekea Kericho, majani ya chai yametanda kama zulia. Upande wa Mulot nchi hushuka, na mahindi na malisho ya ng'ombe huchukua nafasi ya chai. Siku hizo Bomet haikuwa wilaya bado. Sote tulihesabiwa katika Wilaya ya Kericho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa ufundi katika karakana ya mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika viwanda vya chai. Alipostaafu alinunua mashine kuukuu ya kukereza, akaifunga kwenye injini ya dizeli kwa ukanda mrefu, akafungua kazi yake sokoni. Watu walimwita Boiyot, yaani mzee, nami nilimwita hivyo hivyo.

Mwaka huo, kama wazee wako watakavyokuambia, ulikuwa mwaka wa ukame katika Kenya nzima. Mahindi ya manjano yaliletwa kwa meli kutoka nchi za mbali, na watu wakajifunza kuyala. Katika siku kama hizo kinu cha unga ni kitu kikubwa. Sokoni kwetu palikuwa na kinu kimoja kilichotegemewa, mali ya mama mmoja mjane ambaye vijana wote walimwita Kogo, kwa maana ya nyanya. Siku moja parafujo ilianguka ndani ya kinu pamoja na mahindi. Nyundo za kinu ziliipiga, mhimili ukaruka, na kiti chake, kilichokuwa chuma cha kusubu cha kizamani, kikapasuka vipande viwili kama chungu.

Hapa hapana budi nisimame kidogo nikufahamishe maneno mawili. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, yakapoa na kushika umbo la kalibu. Kuchomelea ni kuchukua vipande vilivyokwisha kuwa vigumu na kuviunganisha kwa moto mkali, hata kingo zake ziyeyuke na kushikana. Kitu cha kwanza huzaliwa kizima. Cha pili hushonwa. Chuma cha kusubu cha kawaida kina kaboni nyingi, kati ya sehemu mbili na nne katika kila mia, na kwa sababu hiyo hukerezwa kwa urahisi lakini hakivumilii pigo la ghafula. Feleji ina kaboni kidogo zaidi. Ile tuliyoitaka sisi ilikuwa na robo ya sehemu moja tu katika mia. Feleji hupinda kabla ya kuvunjika. Lakini feleji huyeyuka kwa shida: chuma cha kusubu huwa maji kwenye joto la digrii 1,200 hivi, na feleji hutaka karibu 1,600 ili imiminwe vizuri.

Usidhani, msomaji, kwamba feleji ni mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza kwamba Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wakifanya feleji katika tanuri zao kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, wakitumia hewa iliyopashwa moto kabla ya kufika makaani. Feleji yao haikumiminwa kama maji. Ilitoka tanurini ikiwa bonge, ikafuliwa kwa nyundo. Lakini ilikuwa feleji kweli. Nasema haya ili ujue kwamba moto na chuma si elimu ya kuazima kwetu.

Kogo alikuja karakanani na vipande vyake viwili ndani ya gunia. Boiyot alikuwa safarini kwa ndugu zake, na karakana ilikuwa mikononi mwangu. Nilivitazama vipande, nikasema, "Kogo, baada ya siku mbili utasaga." Sikusema hivyo kwa sababu nilijua, nilisema kwa sababu nilipenda kusikika. Nilikata mabamba ya feleji, nikayasimamisha pembe kwa pembe, nikayachomelea. Mishono yangu iling'aa, imejipanga kama magamba ya samaki, nami nikaipenda. Moto ulipokuwa haujatoka vizuri ndani ya kazi, nikaifunga juu ya mashine nikaanza kulichonga tundu la beringi.

Mambo matatu yalinionya, nami sikusikia hata moja. La kwanza, kisu cha kukerezea kilipofika karibu na mshono kiliruka na kulia, kwa maana feleji iliyopashwa sana na kupoa upesi huwa ngumu mahali hapo kuliko penginepo. La pili, nilipolegeza vifungo na kupima tundu, halikuwa duara tena. Lilikuwa limevutika kidogo kama yai. Lilikuwa duara lilipobanwa, likaacha kuwa duara lilipoachiliwa. La tatu, nilikuwa sikuzichonga kingo za mabamba mshazari kabla ya kuyaunga, basi moto ulishika juu juu tu, na ndani ya kiungo palibaki ufa usioonekana. Nililisugua tundu kwa tupa, nikaitia beringi kwa nyundo, nikapeleka kazi.

Kinu kilisaga wiki tatu. Katika wiki ya nne, asubuhi ya siku ya soko, kiti kilivunjika pembeni mwa mshono, mahali bamba lilipokutana na bamba. Mhimili ulikwenda upande, ukanda ukatoka kwenye puli yake na kumpiga kijana mwangalizi wa kinu katika mkono. Alikuwa rika langu. Mfupa haukuvunjika, lakini nyama ilipasuka toka kiwiko hata karibu na kifundo, na alama ile ingaliko. Hata leo tunapokutana yeye huniamkia kwa mkono huo, wala hana kinyongo. Lakini mimi hutazama alama kwanza, na uso baadaye.

Boiyot alirudi akakuta habari hiyo imemtangulia. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliweka kiti kilichovunjika juu ya meza, akanionyesha ufa. "Tazama," alisema, "haukupita katikati ya mshono uliousifu. Umepita pembeni. Moto uliivuta feleji, na feleji ilipopoa ilitaka kujikunja, nawe ukaizuia. Ile hamu ya kujikunja imebaki ndani. Ungaliipasha tena kazi nzima kwenye joto la digrii 600, ukaiacha ipoe polepole ndani ya tanuri, hamu hiyo ingalitulia. Kisha ndipo ungalikereza. Wewe ulikereza kitu chenye hasira."

Maneno hayo yamekaa nami maisha yangu yote, na baadaye niliposoma nilikuta kwamba mataifa makubwa yalijifunza somo hilo kwa gharama kubwa kuliko yangu. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilikuwa imetulia gatini huko Portland, Marekani, haina dhoruba wala adui, ikapasuka karibu vipande viwili kwa kishindo. Ilikuwa meli ya kuchomelewa. Watu wengi waliilaumu kazi ya kuchomelea. Lakini Constance Tipper, mtaalamu wa kike wa Cambridge, alionyesha kwamba feleji yenyewe ya meli za namna ile ilikuwa hugeuka kuwa kavu kama kioo ipatapo baridi. Na kwa kuwa mabamba yaliungana yote kuwa kitu kimoja, ufa ulioanza mahali pamoja haukukuta mpaka wa kuuzuia. Basi lawama ni kitu cha kugawa kwa uangalifu. Katika kiti changu lawama haikuwa ya moto, ilikuwa yangu.

Boiyot aliamua kiti kipya kisubiwe kwa feleji, kiwe kitu kimoja bila mshono, na pembe zake za ndani ziwe za mviringo, kwa sababu nguvu ipitayo katika chuma hupenda njia ya mviringo na huchukia kona. Ada ya kusubu ilikatwa katika mshahara wangu, na haki ilikuwa hivyo. Kogo alitoa jiwe lake la kale la kusagia, akarudi kwenye desturi ya mama yake. Na majirani waliokuwa na nguvu walijitwika magunia kwenda kusaga Mulot au Bomet.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchonga kiolezo cha mti, yaani mfano wa kiti, ambao mchanga wa kalibu hufinyangwa kuuzunguka. Nilijifunza kwamba kiolezo hakilingani na kitu kitakiwacho. Feleji ipoapo hujikusanya kiasi cha sehemu mbili katika mia, basi urefu wa milimita 300 huchongwa kuwa 306. Tena kila uso utakaokerezwa huongezwa unene, milimita tano hivi, ili kisu kipate cha kula. Na kila ubavu huinamishwa kidogo ili mti utoke mchangani bila kuubomoa. Nilichonga kwa siku sita, nikafunga kiolezo katika blanketi, nikapanda basi kwenda Nairobi katika kiwanda kimoja cha kusubu. Baada ya majuma matatu kiti kilirudi, kizito, cheusi, ngozi yake imekwaruza kama ngozi ya kenge kwa mchanga ulioganda juu yake.

Kukereza kitu cha kusubu, msomaji, ni kazi tofauti kabisa na kukereza bamba. Bamba lina uso ulionyooka, nawe huanzia hapo. Kitu cha kusubu hakina uso ulionyooka hata mmoja. Hapana budi uchague wa kwanza, nao ndio utakaoamua nyuso zote zitakazofuata. Boiyot alinifanya nipake chokaa kiti kizima, nikakiweka juu ya meza sawa, nikakwaruza mistari ya vipimo kila upande kabla ya kugusa mashine. Mara nyingi mfinyanzi wa mchanga huwa amesogeza kitu kidogo, na fundi asiyepima hugundua mwishoni kwamba upande mmoja umebaki na nyama nyingi na wa pili hauna nyama kabisa.

Kisha likaja jambo la ngozi. Kwa woga nilianza kukata kidogo kidogo, nusu ya milimita. Mchanga ulioshikamana na ngozi ulikila kisu changu hata kikawa butu kama kijiko, nikakinoa, kikawa butu tena. Boiyot alizima injini. "Unamkwaruza mamba mgongoni," alisema. "Pita chini ya ngozi." Nikapunguza mwendo wa mashine, nikaingiza kisu milimita tatu kwa mara moja. Mlio ulibadilika. Ngozi nyeusi ilianguka vipande vipande, na chini yake feleji nyeupe ikaonekana, safi, ikitoa nyuzi ndefu zilizojisokota, za rangi ya majani makavu na buluu. Hapo nilifahamu tofauti. Kisu hakikuruka popote, kwa maana feleji iliyosubiwa vizuri, ikapashwa na kupoozwa taratibu, ni sawa kote: haina mahali pa ugumu wa ghafula wala hamu iliyofichwa. Nilipolegeza vifungo nikapima tundu, lilikuwa duara lile lile.

Nilibakiza mkato wa mwisho kwa siku ya pili. Boiyot alikwenda nyumbani mapema. Asubuhi nilipopitisha kisu mara ya mwisho, ndani ya tundu, karibu na mahali mkono wa kiti unapoungana na msingi wake mnene, kikatokea kitundu cheusi. Hakikuzidi punje ya hindi. Nilikitia ncha ya msumari; ikazama, ikazama tena. Lilikuwa pango.

Nataka ufahamu hali yangu saa ile. Mshahara wangu ulikuwa umekwisha. Watoto walikuwa wakitumwa na magunia hata Mulot. Kitundu kile kingefichwa na beringi. Hakuna jicho ambalo lingekiona tena. Ningeweza kukijaza kwa tone moja la moto, nikasugua kwa tupa, nikamaliza kabla ya saa nne. Na viwanda vingi huziba vitundu vya namna hiyo kwa kuchomelea, wala si haramu, ikiwa fundi amechimba pango lote, ameona mwisho wake, na amepasha kazi upya. Mimi sikuwa na tanuri ya kuipasha, wala sikujua pango linaishia wapi. Nilichokuwa nacho ni tone la moto na giza la kulifunikia. Niliwasha mashine ya kuchomelea. Nilikwisha shika fimbo mkononi, ndipo yule kijana wa kinu akapita mlangoni, mkono wake ungali umefungwa kitambaa, akauliza kama kazi i tayari.

Nilizima mashine. Nikamwambia, "Njoo utazame." Akaingiza kidole, asiseme neno. Kisha tukaenda wawili kwa Kogo.

Nilimkuta amepiga magoti penye jiwe lake. Nikamweleza yote: kitundu, mahali kilipo, na jinsi nilivyotaka kukificha. Aliuliza, "Kingevunjika lini?" Nikasema, "Sijui, Kogo. Labda kesho, labda baada ya miaka kumi." Akaendelea kusaga kidogo, halafu akasema, "Cha kwanza ulinipa siku mbili, nami nikafurahi. Hiki hunipi siku, nami naumia magoti. Lakini hiki nimekielewa. Kifanye tena." Hakunisifu, alikuwa na kazi ya kumaliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami siku ile nilijifunza kwamba hata asiyeficha huzaa kwa uchungu.

Boiyot alikipasua kiti kile kwa msumeno mahali pa kitundu, tukaona pango refu kama kidole. Kisha akanigeuzia kiolezo changu mwenyewe. "Si kosa la Nairobi peke yao," alisema. "Hapa umeunganisha mkono mwembamba na msingi mnene kwa ghafula. Wembamba hupoa kwanza na kuganda. Unene hupoa mwisho, ukijikusanya unataka feleji zaidi, na njia imekwisha fungwa. Umekufa njaa ndani." Nikachonga kiolezo upya, unene ukipanda polepole kama mteremko wa kilima, na barua tuliyoiandika iliomba kisima cha feleji ya akiba kiwekwe juu ya mahali panene, ili panyweshwe hata pagande. Kiti cha pili kilikuja. Nilikikereza kwa siku mbili, kisu kikitembea toka mwanzo hata mwisho bila kukuta kitu. Kogo alisaga kwa kiti hicho mpaka alipokiuza kinu uzeeni, na aliyekinunua akaendelea nacho.

Usiondoke ukifikiri kwamba nakuambia kusubu ni kuzuri na kuchomelea ni kubaya. Kiolezo na kalibu ni gharama. Kwa kitu kimoja kinachotakiwa leo, kuchomelea mara nyingi ndiyo busara, na tela, mlango na mnara havihitaji kalibu. Feleji ya kusubu hufaa penye umbo gumu, penye mapigo ya siku zote, na penye vitu vingi vya namna moja. Hata hivyo kila njia ina mahali pake pa kufichia kosa: mshono huficha chini ya uso unaong'aa, na kalibu huficha katikati ya unene. Fundi apasuaye kazi yake mwenyewe hujua yote mawili.

Ukitaka kuona habari hii kwa macho, omba ruhusa uingie katika kiwanda chochote cha chai cha nyanda zetu. Utaona magurudumu mawili marefu yenye meno yakizunguka kwa kuelekeana, moja kasi mara kumi kuliko jenzake, yakiyaponda, kuyararua na kuyasokota majani. Namna hiyo ya mashine ilibuniwa na William McKercher huko Assam, Bara Hindi, mwaka 1930. Magurudumu hayo huundwa kwa pete za feleji isiyoshika kutu, aghalabu za kusubu, zilizopangwa juu ya mhimili mmoja. Na kwa kuwa majani mabichi hula hata feleji, meno hufa, na mara kwa mara magurudumu hurudishwa kwenye mashine ya kukereza ili yachongwe upya. Vijana wa Longisa na Bomet hufanya kazi hiyo. Kikombe chako cha chai kimepita mikononi mwao.

Mimi sasa ni mzee, na karakana ni yangu. Kipande cha kiti kile kilichopasuliwa nimekiweka juu ya meza penye dirisha. Kijana mpya ajapo kuomba kujifunza, simpi tupa wala kisu siku ya kwanza. Namwambia atie kidole ndani ya pango, asikie lilivyo baridi na kukwaruza, na jinsi lilivyokuwa karibu na uso. Wengine hucheka. Wengine huchelewa kukitoa kidole; na hao, kwa desturi, ndio niwaambiao warudi kesho.